Taa Niliyoigeuza

Zuwena, mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi, ukaniitikia kwa mdomo tu, kwa hiyo karatasi hii sitaijaza salamu nyingine. Umetoka baada ya sala ya alasiri kwenda Wadi Kabir kumuaga shangazi yako, na shangazi yako namjua, hamwachi mtu aondoke bila ya kumlisha. Nina saa mbili, labda tatu. Kesho alfajiri unapanda ndege kwenda Doha. Mimi nimekaa kwenye meza yangu ya kushonea, dirisha liko wazi, gari zinapita barabarani kama siku zote hapa mtaani Azaiba, na herufi zangu zinapanda juu ya mstari.

Sitakwambia ule nini wala uvae nini. Hayo kina shangazi yako watakujazia masikio mpaka uwanja wa ndege. Mimi nina jambo moja, na nimelikimbia wiki sita nzima, chumba kwa chumba, ndani ya nyumba hii hii.

Niache nianze mbali kidogo. Najua unavyopenda kunikatiza. Leo huwezi.

Unakumbuka maonyesho yangu ya kwanza? Ulikuwa mdogo, umevaa viatu vyenye kelele. Nilichukua meza ya kofia katika ule ukumbi mkubwa, nikajiambia ukumbi una taa, mimi nibebe taa za nini? Sikujua kwamba taa za juu kule darini zimewekwa ili watu wasigongane, si ili waone kushona. Kofia zangu nyeupe kwa uzi mweupe, nyengine kwa uzi wa rangi ya maziwa, miezi ya kazi, zikaonekana kama vitambaa vilivyokunjwa. Watu wakapita. Jirani yangu anayeuza ubani alikuwa na taa moja tu ya mezani, na watu walijazana kwake kama wanagaiwa.

Mara ya pili nikajifanya hodari. Nikaing'oa taa ndefu nyeupe ya jikoni, nikaifunga juu ya meza kwa kamba. Kofia zikageuka buluu. Akaja mama mmoja mnene, akazitazama, akaniuliza, "Bibi, hizi kofia au sanda?" Ukacheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikakufinya. Mara ya tatu nikanunua taa kali za manjano, zile zinazochoma, nikazisogeza karibu ili uzi uonekane. Nikasikia harufu. Ilikuwa kofia aliyoishona bibi yako kwa mkono wake kabla hajafa, na ilikuwa na alama ya moto ubavuni kubwa kama tende. Siku ile nilikwenda kulia chooni, wewe ukabaki unawaambia wateja, "Mama anakuja sasa hivi."

Hayo ni makosa ya ujinga, na ya ujinga sikuyaonea haya sana. Mtu hufunzwa akafunzika. Aliyenifunza ni wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na tano. Asubuhi moja ulisimama hapa hapa dirishani, umeshika kofia yangu moja, unaigeuza na kuigeuza. Ukaniita.

"Mama, hebu tazama. Jua likiwa mbele yake, kama karatasi. Likitoka ubavuni, kila uzi una kivuli chake."

Nikatazama. Nilikuwa nimeshona miaka ishirini na sijapata kuiona kofia yangu namna ile. Ukaniambia tununue taa ndogo za kubana, tuzibane kwenye nguzo za kibanda, moja kulia, moja kushoto, juu kidogo, zimeinamia kazi na si macho ya mteja. Rangi za mwanga wake zilingane, ziwe karibu na jua la asubuhi. Na taa zisiwe za moto. Ulikuwa unasema kwa kujiamini kama fundi mwenye duka lake, na mimi nikakukejeli: "Haya, mhandisi." Lakini nilizinunua siku ile ile.

Kisha ukaja na lile jambo ambalo ukumbi mzima hakuna aliyekuwa nalo. Taa ndogo ya betri, ukaitia ndani ya kofia moja, ukaiweka juu ya kibao. Wewe umekulia kwenye kofia, huhitaji kuelezwa, lakini nataka niandike, kwa sababu hapa ndipo penye kosa langu. Kofia ya mkono hutobolewa tundu moja moja, na kila tundu likazungushiwa uzi pembeni ili libaki wazi. Kichwa kinapata hewa. Bibi yako alikuwa akisema kofia ina pumzi au haina. Zile za mashine, hizi zinazouzwa kwa mafungu, kwa chini zimebandikwa kitambaa kigumu, na tundu ni duara la uzi tu, halikutoboka. Ukitia taa ndani ya kofia ya mkono, mwanga unatoka kwa kila tundu na kudondoka mezani. Ukitia ndani ya ile ya mashine, unapata kiza.

Watu walisimama. Wazee walisimama, watoto walisimama. Kikundi chetu cha kina mama wakataka uwapangie na wao taa, mwenye vikapu, mwenye mapambo ya fedha, mwenye vyungu. Ikawa kila maonyesho Bi Thuwaiba, mwenyekiti wetu, anauliza kwanza, "Zuwena atakuja?" kabla hajauliza mimi nitakuja. Nilijigamba kwa hilo kila mahali, mbele yako nikanyamaza. Hilo nalo ni kosa, liweke na mengine.

Sasa nakuja kwenye maonyesho ya mwaka huu. Nimeinuka nikanywa... hapana, sikunywa maji, nimefunga. Nitakwambia kwa nini nimefunga. Ngoja kwanza.

Macho yangu yana maradhi, Zuwena. Daktari ameyaita presha ya macho, na amesema kilichokwisha ondoka hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Ninaona kama mtu anayechungulia, katikati vizuri, pembeni hakuna. Nimejua tangu kabla ya Ramadhani. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungeniambia niache kushona, na nikiacha kushona sijui mimi ni nani. Mwaka mzima nilimaliza kofia nne. Nne! Na nilikuwa nimeshawaambia kikundi kwamba meza yangu itajaa.

Nikaenda sokoni Matrah, nikanunua kofia kumi na mbili za mashine. Nilichagua nzuri, wallahi nilichagua kwa makini kama anayechagua mchumba. Nikarudi nazo, nikafunga mlango wa chumba, nikakata lebo kwa wembe, moja moja. Nikazifua, nikazitia wanga wetu, nikazifukiza udi ili zinukie nyumba hii. Kisha nikazichanganya na zile nne.

Wewe ulikuja kupanga taa siku moja kabla, kofia zikiwa bado zimo sandukuni. Ukapanga kama unavyopanga. Ukajaribu na ile taa ya ndani kwa kofia moja ya zamani, ikawaka, ukaondoka umefurahi. Siku ya kufungua nikafika mimi kwanza. Nikazigeuza taa zako zote mbili zikaangaza kwa mbele, moja kwa moja, ili pasibaki kivuli cha uzi hata kimoja. Nikatoa balbu zako nikatia za manjano, kwa sababu manjano inalainisha kila kitu. Na ile ndogo ya ndani nikaitia mkobani mwangu.

Ulipofika uliuliza, "Mama, nani kazigeuza taa?"

"Miye. Mwanga wako unan'umiza macho."

"Na ya ndani?"

"Betri imekufa."

Ukanitazama kidogo. Ukasema, "Haya, mama." Nilikulea usishindane na mkubwa, na siku ile nikayala matunda ya malezi yangu.

Mzee Seif alikuja baada ya adhuhuri. Unamjua, mwalimu mstaafu, amevaa kofia za bibi yako tangu ujana wake. Alitaka kofia ya harusi ya mjukuu wake. Akachagua moja katika zile kumi na mbili. Akakuuliza wewe, si mimi.

"Ya mkono hii, binti?"

"Ya mkono, babu."

"Unaapa?" Alikuwa anakutania. Alikuwa anacheka.

"Wallahi, kaishona mama kwa mkono wake."

Ukageuka ukanitazama, unatabasamu. Nilikuwa umbali wa mkono, nakunja karatasi za kufungia. Palikuwa na nafasi pale, mwanangu. Ndogo, lakini neno moja lingeingia. Nimeirudia nafasi ile kila siku tangu siku ile, nikiwa napika, nikiwa naswali, na kila nikiirudia naiona kubwa zaidi. Mzee Seif akatoa simu yake, akawasha tochi, akaiingiza ndani ya kofia. Kiza. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Hii haina pumzi." Kisha akanielekea mimi: "Mama Zuwena, kofia hizi kazileta nani?"

Nami nikasema, "Zuwena ndiye aliyepanga meza."

Tazama nilivyolichagua neno. Si uongo. Wewe ndiye uliyeipanga meza. Nililigeuza neno kama nilivyoigeuza taa, likaangaza pale ninapotaka, na mimi nikabaki upande usioonekana. Bi Thuwaiba alikuwa amesimama nyuma yake. Wengine wakakusanyika. Nikasikia mtu anasema, "Watoto wa siku hizi wanataka njia za mkato," na sikumjibu. Waliokula chumvi yangu walikuwa wanakuvua heshima mbele yangu, na mimi nikaendelea kukunja karatasi.

Ndani ya gari uliniuliza, "Mama, ulijua?"

Nikasema, "Muuzaji kanidanganya. Kaniambia za mkono."

Ukaniamini. Hili ndilo linalonimaliza. Mimi, niliyezaliwa juu ya uzi, nidanganywe kofia ya mashine na muuzaji wa Matrah! Mtoto mdogo asingeamini. Wewe uliamini kwa sababu aliyesema ni mama yako.

Basi sasa unajua. Nilijua. Nilijua kofia ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Hakuna muuzaji aliyenidanganya, maskini yule kijana wa watu aliniambia mwenyewe, "Za mashine hizi, mama." Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekushonea nguo.

Kikundi wakakuondoa kwenye kazi ya taa. Hukujitetea. Nilidhani umenyamaza kwa hasira. Kisha nikaona unafunga, siku ya kwanza, ya pili. Nikadhani unalipa siku za Ramadhani ulizodaiwa. Siku ya tatu, wakati wa kufuturu, nikakuuliza.

"Kaffara ya kiapo, mama," ukasema. "Niliapa uongo mbele ya mtu mzima."

"Lakini hukujua. Asiyejua hana dhambi."

"Ningelitia taa ndani ningelijua. Betri nilikuwa nazo mkobani, nilifanya uvivu tu."

Zuwena. Nilikusogezea tende. Nilikumiminia maji. Nikasema, "Mungu akupokelee." Nilisema hivyo kwa sauti yangu hii hii, nikaenda jikoni nikakaa chini nyuma ya friji. Umefunga siku tatu kwa kiapo changu, na ukajiita mvivu kwa taa niliyoitoa mimi. Sijui mama gani mwingine katika dunia hii amewahi kumfuturisha mtoto wake kwa dhambi yake mwenyewe na akanyamaza. Kama yupo, ningependa nikae naye tulie wote wawili.

Ndiyo maana mimi leo nimefunga. Ni siku ya tatu. Asubuhi uliponiona nimesukuma kikombe cha chai ulidhani nimenuna kwa safari yako. Sikununa. Na usidhani kwamba nadhani funga yangu inaifuta yako. Haifuti. Sijui kinachofuta.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Seif. Nilichukua teksi, nikasimama mlangoni kwake nikamwambia yote, mlangoni hapo hapo, sikukaribia ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nimekosa kofia tu, bibi. Kamwambie aliyeapa." Akanifungia mlango kwa adabu. Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nikampigia Bi Thuwaiba. Yeye alinisikiliza, kisha akakata simu. Kwa hiyo jina lako litasafishwa, labda kwa uchungu, labda kwa umbea, lakini litasafishwa. Langu liache lilipo.

Wiki iliyopita nilikusikia ukimwambia shangazi yako kwenye simu, "Bora niende pasipo mtu anayenijua." Sentensi hiyo nimeibeba kama mtu aliyemeza mfupa. Ulikuwa unajulikana hapa, mwanangu. Ulikuwa unajulikana kwa uhodari na kwa neno lako. Mimi ndiye niliyekufanya utafute mji wa wageni.

Kuna mambo ya kazi nataka nikwambie, maana unakwenda kuwapangia watu taa za vibanda vyao, na hilo nalijua kwa upande ambao wewe huujui. Utakutana na mwenye kibanda atakayekwambia, "Taa hii kali mno, geuza kidogo." Wengi wana haki yao, mwanga umewaingia machoni. Lakini yupo mmoja atakayesema hivyo na huku hakutazami. Usimwone mwizi mara moja. Chukua kitu chake mkononi, nenda nacho dirishani au mlangoni, kitazame kwanza kwa jua, kisha rudi umuulize amepungukiwa na nini. Pengine atakwambia. Wazee wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sikatai, lakini hawakusema mwenye kibaya anakuwa na hofu kiasi gani asubuhi ile anapokitembeza. Laiti ungeniuliza mara ya pili siku ile, ningesema kweli. Hapana. Nimeandika uongo mwingine. Nisingesema. Ningekufokea mbele ya watu.

Na usijifunze kutoka kwangu kwamba mtu asiaminiwe. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kunichukia kwako. Nimeshaona mwezi huu ukiulizwa jambo dogo, kama duka limefungwa au liko wazi, unajibu "sijui, nadhani," wewe uliyekuwa ukijibu kwa kifua. Ulimuapia mama yako kwa kumuamini. Ulikuwa na haki ya kuapa. Aliyekuwa na uvivu, na kiburi, na woga, ni mimi. Nakuomba, na nakuomba tena, kama kuna neno moja utakalolichukua katika barua hii basi liwe hilo: hukuwa mvivu.

Kuhusu macho yangu, usithubutu kuahirisha safari. Shangazi yako amekubali kunipeleka hospitali kila nitakapoitwa, yeye nimemwambia maradhi tu. Nimeogopa sana kukuandikia habari ya macho, kwa sababu najua utakavyofanya, utatoa nguo begini. Nikaifuta mara tatu. Mwisho nimeiacha, kwani nimechoka kukuchagulia nini uone na nini usione. Lakini si fidia, na si udhuru. Wapo vipofu wasiosema uongo. Nenda. Nichukie ukiwa Doha kama lazima unichukie, ila nenda.

Sikuombi unisamehe leo. Nilitaka kuandika hivyo ili nionekane mtu mzima mwenye subira, lakini si kweli, nakuomba. Nakuomba leo, na kesho nitakuomba, na sina kitu cha kukupa mkononi badala yake. Nikifikiri kwamba mlango huu utafungwa kesho, nami nibaki na kofia nne na nyumba yenye kimya, nashindwa hata kukaa sawasawa kwenye kiti. Hebu mwanangu, nionee huruma. Au usinionee. Lakini ujue.

Barua hii nilikusudia niitie begini kwako, chini ya taulo, uikute ukishafika, wakati mimi niko mbali na uso wako. Nimeshaikunja mara moja, nimeshainuka mpaka mlangoni mwa chumba chako, nimeshafungua zipu. Halafu nimejiona. Mwanamke yule yule, anatafuta tena pahala asipoonekana.

Nasikia gari yako inaingia. Nakuja mlangoni kukwambia kwa mdomo wangu, kabla hujavua viatu.